Nyumba Kongwe ya Mawe Lamu kwa Akiba Ndogo

Wasomaji walioko Muscat, Dar es Salaam, London na Nairobi huniuliza swali lile lile: "Nimesikia Lamu kuna nyumba za mawe za zamani zinauzwa. Nina akiba kiasi, natamani pahali pa kupumzika na familia. Ninunue?" Wengine wamezaliwa pwani hii wakahamia Ghuba au Ulaya, wengine hawajawahi kuvuka maji kutoka gati la Mokowe, upande wa bara.

Jibu langu ni kwamba inawezekana, ila bei anayokutajia dalali ndiyo sehemu nyepesi ya safari nzima. Wanunuzi wenye fedha chache huangushwa na mambo mawili: warithi wasiojulikana idadi yao, na paa. Ukiyamaliza hayo mawili kabla ya kutoa arubuni, mengine yote yana dawa.

Namwandikia mtu anayetaka nyumba ndogo na asiye na fedha za kumwaga. Anayetafuta kasri lenye bwawa la kuogelea huko Shela ana mawakili na wasanifu wake, na mengi humu hayamhusu.

Kwanza: sheria inakutambua kama nani?

Jiweke kwenye fungu lako kabla hujatazama hata picha moja.

- Wewe ni raia wa Kenya, hata kama una pasipoti ya pili. Katiba ya 2010 inamruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi nyingine. Unaweza kumiliki bila kikomo cha miaka.
- Ulizaliwa raia, ukaupoteza uraia ulipochukua wa nchi nyingine zamani, sheria ilipokuwa hairuhusu. Kifungu cha 14 kinakupa haki ya kuomba urejeshewe. Lishughulikie hili kabla ya kununua.
- Wewe si raia. Kifungu cha 65 kinasema utapata ardhi kwa kukodishiwa tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Hata karatasi ikiandikwa kwamba ni yako milele, sheria itaisoma kuwa ni miaka 99.

Najua Mtanzania au Mganda atasema: "Lakini sisi ni Jumuiya moja." Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi. Mtu wa Tanga na mtu wa Amsterdam wako sawa mbele ya msajili wa ardhi wa Kenya.

Atatokea pia wa kukushauri umwandikishe shemeji yako Mkenya, au mfungue kampuni kwa jina lake. Usithubutu. Kifungu hicho hicho cha 65 kinataka kampuni imilikiwe na raia watupu, na amana iwe kwa manufaa ya raia watupu, ndipo ihesabiwe kuwa ya raia. Mbele ya mahakama hila hiyo haina uzito, na shemeji akifariki nyumba inaingia kwenye mirathi yake, wewe ubaki ukilia mlangoni. Kwa nyumba ya likizo, miaka 99 inakutosha wewe na wajukuu zako.

Jambo jingine: kumiliki nyumba hakukupi ruhusa ya kuishi Kenya. Uhamiaji ni ofisi nyingine, na karatasi zake ni nyingine.

Gawa fedha kabla ya kutafuta nyumba

Kanuni yangu ni hii: bei ya nyumba isipite nusu ya fedha zote ulizotenga. Watu hunibishia sana hapa. Wanasema nyumba nzuri zaidi inapatikana ukiongeza kidogo. Ni kweli, lakini nyumba kongwe iliyomaliza fedha zako siku ya kutia sahihi itakaa na paa lake bovu masika mawili, na masika ya tatu halipo. Nusu inayobaki itakwenda huku:

- Ushuru wa stempu. Mali ya mjini hutozwa asilimia 4 ya thamani, ya mashambani asilimia 2. Nyumba ya mjini ya shilingi milioni 6 ni shilingi 240,000. Serikali ina mthamini wake, hivyo kuandikiana bei ndogo kwenye mkataba hakukusaidii, na ni kosa.
- Wakili wako, mthamini, mpima ardhi na ada za usajili.
- Paa, vyoo, nyaya za umeme na mabomba. Kwa mpangilio huo huo.
- Mshahara wa mtunza nyumba kwa mwaka mzima, hata usipokuja.
- Akiba isiyoguswa. Ukuta ukifunguliwa huonyesha mengine.

Kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, ni mzigo wa muuzaji. Wauzaji wengine huitaja mwishoni kana kwamba ni yenu wawili. Iandikwe kwenye mkataba kwamba ni yake.

Utafute wapi?

Mji wa Kale wa Lamu una pande mbili. Mkomani, upande wa kaskazini, ndiko ziliko nyingi za nyumba kubwa za mawe za karne ya 18 na 19. Langoni ni upande wa kusini, wenye maduka na msongamano zaidi. Shela iko mwendo wa miguu kando ya maji; wageni wamenunua huko kwa miaka mingi, na si ajabu kutajiwa bei kwa dola au yuro. Matondoni na Kipungani ni vijiji vilivyotulia vyenye huduma chache. Pate, Siyu na Faza zina magofu na nyumba za kale, lakini kila mfuko wa chokaa utausubiri maji yajae ndipo boti ifike.

Kwa akiba ndogo nashauri nyumba ndogo ndani ya Mji wa Kale, mbali na ufuo. Usinunue kipande chochote kwenye machanga ya Shela hata ukionyeshwa hati. Machanga yale ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya kisiwa, na migogoro ya viwanja vyake ni ya muda mrefu.

Dalali akikupandishia bei kwa sababu "bandari inakuja," mkumbushe kwamba gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021. Lipia nyumba unayoiona.

Nani hasa mwenye nyumba?

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pote.

Nyumba nyingi za Lamu ni mali ya mirathi ambayo haijagawanywa. Chukua mfano. Mzee alifariki miaka 30 iliyopita, akaacha mke, wana wawili na mabinti watatu. Mke ana thumuni, na kilichobaki kinagawanywa mafungu saba: kila mwana mawili, kila binti moja. Kisha binti mmoja aliyeolewa Mombasa naye akafariki, na fungu lake likaenda kwa mumewe, watoto wake na wengine wenye haki. Mtoto wake mmoja yuko Jeddah. Kaka mkubwa anayekukaribisha kahawa na kukuonyesha vyumba ni mwungwana, na huenda anaamini kwa dhati kwamba anaweza kuuza. Peke yake hawezi. Saini moja ikikosekana, yule wa Jeddah anaweza kuja baada ya miaka kumi kudai fungu lake, na atakuwa na haki.

Kwa hiyo, kabla ya arubuni, dai haya:

- Uamuzi wa Mahakama ya Kadhi ya Lamu unaotaja warithi wote na mafungu yao, pamoja na hati za usimamizi wa mirathi.
- Ridhaa ya kila mrithi kwa maandishi. Walio nje ya nchi watoe hati ya uwakili iliyoshuhudiwa kisheria huko waliko, kisha isajiliwe Kenya. Ujumbe wa sauti kwenye simu si ridhaa.
- Ridhaa ya mume au mke wa muuzaji.
- Ikiwa kuna mrithi mdogo wa umri, ruhusa ya mahakama. Mama yake hawezi kukuuzia fungu la yatima kwa neno lake tu.

Uliza pia kama yuko ndugu mwenye fungu anayetaka kununua mwenyewe. Mshirika ana haki ya kutangulizwa, inayoitwa shufaa, na hata pasipo kesi, nyumba iliyonunuliwa juu ya kichwa cha ndugu anayeitaka ni nyumba isiyo na amani.

Wakfu haiuzwi. Nyumba iliyowekwa wakfu kwa msikiti, madrasa au kizazi cha mtu haina muuzaji, awe nani. Uliza kwa imamu wa msikiti wa jirani na wazee wa mtaa, kisha wakili wako aulize kwa Tume ya Wakfu. Bei ikiwa ndogo kupita kiasi na wazee wakinyamaza unapotaja nyumba hiyo, ondoka.

Ghorofa moja, wenyewe wawili. Desturi ya Lamu ni baba kumpa binti nyumba anapoolewa, na mara nyingi nyumba hiyo ilijengwa juu ya nyumba ya wazazi. Kuna pia wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro na kuegemea nyumba ya pili. Usidhani ukinunua chini umenunua na juu, wala kwamba wikio ni lako kwa sababu mlango wake uko kwako. Mpima achore mipaka ya kila ghorofa, na majirani wathibitishe. Ukinunua ghorofa moja, mwulize wakili kuhusu kuisajili chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, na mwandikiane nani analipia paa.

Karatasi zenyewe. Utaonyeshwa hati za namna nyingi. Ukanda huu ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar hadi 1963, na usajili wa ardhi ulianza chini ya sheria ya mwaka 1908. Kwa hiyo kuna vyeti vya zamani vya umiliki, hati za Kiarabu za kuuziana, na risiti za kodi za kaunti. Risiti ya kodi si hati ya umiliki. Karatasi ya kuuziana ni ushahidi mzuri, ila kinachokulinda ni jina kwenye daftari la ardhi. Wakili afanye upekuzi rasmi mwenyewe. Nakala ya upekuzi unayoletewa na dalali isikutoshe.

Njoo Mei uikague

Desemba kila nyumba ya Lamu inapendeza. Njoo wakati wa masika, mvua inaponyesha, ulale mjini siku kadhaa na uiingie nyumba zaidi ya mara moja. Njoo na fundi ambaye hahusiani na muuzaji wala dalali.

1. Panda paani kwanza. Paa la asili ni sakafu ya chokaa na kokoto juu ya boriti. Kila lilipovuja, watu waliongeza tabaka jingine, na uzito ukazidi. Paa nene lenye nyufa ndefu linalazimu kubomolewa, si kuzibwa. Makuti yakiwepo, uliza umri wake na ukumbuke moto: vichochoro ni vyembamba na cheche hairuki nyumba moja tu.

2. Zijaribu ncha za boriti. Katikati ya boriti hakukuambii kitu. Ugonjwa uko pale inapoingia ukutani, panaponyonya unyevu. Chomeka ncha ya kisu kidogo hapo. Boriti nzima inakataa, kisu kinagota juu juu. Iliyooza inakimeza kisu, na ukikichomoa hutoka na unga wa kahawia. Kisha tazama chini: vumbi laini lililojipanga mstari mmoja chini ya boriti ni kazi ya wadudu iliyofanyika tangu ilipofagiwa mara ya mwisho. Dari iliyopakwa rangi mpya wiki ya wewe kuja itazamwe mara mbili.

3. Simama chini ya choo. Vyoo vya juu ndivyo vinavyoua nyumba hizi. Lile birika la zamani lenye samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu ni kitu cha kutunzwa, lakini likivuja hulowesha ukuta miaka na miaka bila mtu kujua. Dari chini yake ikiwa na doa, hesabu ukarabati wa chumba kizima.

4. Soma ukuta kuanzia chini. Chumvi nyeupe na plasta inayobanduka ni unyevu unaopanda kutoka ardhini. Gonga kwa kifundo cha kidole; panapolia mvungu plasta imeachana na mawe.

5. Onja maji, uliza shimo. Kisima kina chumvi? Maji ya mfereji hutoka siku ngapi kwa wiki? Shimo la choo liko wapi, na la jirani liko wapi? Mwulize jirani pia, asikujibu muuzaji peke yake.

Upana wa vyumba hauna dawa. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Usinunue nyumba kwa matumaini ya kubomoa ukuta upate sebule pana. Ukuta huo umebeba nyumba.

Huruhusiwi kufanya utakalo

Mji wa Kale ulitangazwa rasmi kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1986, na UNESCO ikauingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001. Ukitaka kuongeza ghorofa, kufungua dirisha au kubadili paa, unahitaji idhini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na ya serikali ya kaunti. Ofisi ya Makumbusho iko pale pale mjini. Wapelekee mchoro kabla ya kununua, uwaulize nini kitakubaliwa.

Makosa yanayorudiwa:

- Kupiga plasta ya saruji. Ukuta wa tumbawe na chokaa hupumua. Saruji inauziba, unyevu na chumvi vinabaki ndani, na mawe yanaoza huku uso unang'aa. Fundi atakayekuambia saruji ni imara zaidi hajui nyumba hizi.
- Kuinua baraza la juu hadi likachungulia kiwanda cha jirani. Kiwanda, yaani ua wa ndani, ndipo wanawake wa nyumba wanapokaa bila kujitanda. Utapata idhini ya karatasi na ukakosa salamu mtaani.
- Kuacha mlango nje ya mkataba. Mlango au fremu iliyochongwa kabla ya 1946 inalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Kuna nyumba zilizokabidhiwa mlango ukiwa umeshang'olewa. Orodhesha milango, zidaka (vishubaka vya ukutani) na mbao za kuchonga, zipige picha, na orodha iwe sehemu ya mkataba.

Boriti, mawe na punda

Boriti huuzwa kwa korija, yaani 20. Ukataji wa mikoko unahitaji leseni ya Huduma ya Misitu ya Kenya, na mwaka 2018 marufuku ya kukata miti iliigusa mikoko pia, wakataji wa Lamu wakakaa bila kazi na ujenzi ukasimama. Nunua mapema, kwa mwenye leseni, na uweke risiti. Mawe huja na mashua kutoka Maweni, kisiwani Manda.

Kutoka gatini hadi mlangoni ni punda. Pata bei ya mzigo mmoja, hesabu mizigo, uandike daftarini, kwani bajeti nyingi huvuja hapa. Na punda asizidishiwe mzigo kwa sababu una haraka. Mji huu una hospitali ya punda tangu 1987, na haikujengwa bure.

Fundi wa chokaa na fundi wa saruji ni watu wawili. Mwombe akuonyeshe paa alilolipiga likapita masika mawili. Mlipe kwa hatua, kazi ikikaguliwa. Usimwachie fedha zote ukapanda ndege.

Hatua za ununuzi kwa mpangilio

1. Tafuta wakili wako mwenyewe, aliyesajiliwa, asiye wa muuzaji.
2. Upekuzi wa daftari, warithi, wakfu, madeni ya kodi za kaunti.
3. Ukaguzi wa fundi na mpima.
4. Mkataba wa maandishi. Kawaida arubuni ni asilimia 10, na ishikwe na wakili hadi umiliki uhamishwe.
5. Idhini na vyeti vya kutodaiwa, uthamini wa serikali, ushuru wa stempu.
6. Usajili kwa jina lako. Fanya upekuzi mwingine baada yake uone jina limeingia.
7. Salio na funguo.

Fedha zipite benki. Anayetaka taslimu usiku kwa sababu "kuna mnunuzi mwingine kesho," mwache amuuzie huyo wa kesho.

Mnayoniuliza zaidi

*"Si nitaikodisha kwa watalii ijilipe?"* Usiiweke kwenye hesabu. Utekaji nyara wa wageni wa 2011, mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014 na janga la korona la 2020 yaliondoa watalii kwa miezi mingi kila mara. Ukikodisha utahitaji leseni za utalii na za kaunti, na utalipa kodi ya mapato. Ikija, iwe ziada.

*"Usalama ukoje?"* Sehemu za bara, hasa kuelekea msitu wa Boni, zimekuwa na matatizo makubwa kuliko mji. Fuata taarifa za wakati huo, na waulize wakazi hali ya barabara kabla ya kusafiri nchi kavu.

*"Nikiwa mbali itakuwaje?"* Nyumba iliyofungwa huharibika haraka kuliko inayokaliwa. Mlipe mtu wa mtaani afungue madirisha, afagie paa na kuzibua mifereji kabla ya masika.

Fedha zikikosa kutosha

Wako wenye nyumba wasiotaka kuuza urithi wao, ila hawana uwezo wa kuukarabati. Mnaweza kuandikiana kodi ya miaka 10 au 15: wewe unakarabati na kukaa, wao wanabaki na nyumba yao. Isajiliwe, itaje ukarabati gani na kwa thamani gani, na itaje itakuwaje mmoja wenu akifariki. Warithi wote wakubali, kama kwenye kuuza. Kwa mtu wa akiba ndogo, mimi naona hii ni bora kuliko kununua. Paa linapona, na familia ya Lamu haipotezi nyumba yake.

Kwa hiyo usiniandikie tena ukiwa umeshatoa arubuni. Kodi chumba Mkomani mwezi wa Mei, mwone wakili kabla ya dalali, na uje na kisu kidogo mfukoni.